Majani Yaliyorudishwa Westlands

Karani wetu wa kituo cha majani, Kipkurui, alipelekwa semina Nairobi kwa siku tatu, nasi tukaitumikia adhabu yake kwa miaka miwili. Semina yenyewe ilihusu ubora wa majani chai, lakini sidhani kama alisikiliza, kwa maana alichorudi nacho kwetu Boito ni hadithi ya jumba la maduka. Wenyeji wake waliwapeleka makarani mahali panapoitwa Westlands, wakawaonyesha rafu ambapo chai imepangwa ndani ya masanduku yenye rangi ya dhahabu, na tangu siku hiyo hakuna mkulima aliyemwaga kikapu chake mbele ya Kipkurui bila kuhubiriwa habari za rafu hiyo.

"Watu wa Westlands hawanywi vijiti," alikuwa akisema, huku ameinua jani moja kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya. "Rudisha."

Kwa yule ambaye hajawahi kubeba majani mgongoni, nieleze kidogo. Majani hayangoji. Yakichumwa asubuhi, yanapaswa kufika kiwandani Mogogosiek siku hiyo hiyo kabla hayajaungua kwa joto lake yenyewe. Unayafikisha kituoni, unayamwaga juu ya meza mbele ya kila mtu, na karani anayachambua kwa mkono akitafuta majani mawili na chipukizi. Akiona jani gumu au kijiti, ana uwezo wa kutamka neno moja, na kikapu kizima kinarudi nyumbani, ambako hakina kazi yoyote. Ng'ombe hali majani chai; ana busara kuliko kamati yetu ya kituo. Na anayerudishwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, namba yake ya ukulima, ile inayompa ruhusa ya kuuza, hufungwa.

Sheria hiyo ya kumwaga ndiyo iliyotulea. Mtoto wa Boito hukua akijua kwamba hakuna kitu kinachopimwa wala kununuliwa duniani kabla ya kumwagwa mezani watu wakaona. Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililomfikisha Phelis Chepkosgei mbele ya meneja wa duka, Nairobi, Jumamosi mchana, akiwa na akili zake timamu.

Phelis, ambaye sisi humwita Bot Kiplimo, yaani mama yake Kiplimo, alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili mwaka huo wa tisini na sita. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyotiwa weusi na utomvu wa chai kiasi kwamba hata sabuni ya harusi ilishindwa navyo. Mumewe alipofariki, shemeji yake alikuja kuchukua namba ya majani kabla udongo wa kaburi haujakauka, akidai kwamba namba ni kitu cha wanaume, kama ndevu. Phelis alikwenda kwa chifu mara kumi na moja. Akaenda kiwandani mara nne, na mara ya nne alikaa kwenye ngazi za ofisi akisuka kikapu mpaka walipochoka kumruka na kumwandika. Akawa mwanamke wa kwanza kituoni petu mwenye namba kwa jina lake mwenyewe.

Shemeji alitoa unabii hadharani, nje ya kanisa, akiwa ametoka kula meza ya Bwana: "Hiyo namba haitamaliza miaka mitano. Siku ikifungwa, itarudi kwetu." Na sheria za kamati, ambazo hazikuandikwa na mwanamke hata mmoja, zilikuwa upande wake. Namba ya mjane ikifungwa, ndugu wa marehemu hupewa "aitunze". Kwetu neno kutunza lina meno.

Huo ulikuwa mwaka wa tano.

Mwezi wa Agosti, Kipkurui alimrudisha Phelis mara ya kwanza, naye hakubisha. Alikuwa amekaa matangani siku tisa, majani yakakomaa shambani, na yeye mwenyewe alisema kwa sauti, "Hii kweli ni ya kuezeka nyumba," akabeba kikapu akaenda zake. Mara ya pili ilikuwa wiki moja baadaye, na majani yale niliyaona kwa macho yangu. Yalikuwa laini kama sikio la ndama. Lakini juzi yake Phelis alikuwa amekataa kumpelekea Kipkurui kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yaliyogandishwa kwa mkaa, ambacho karani huyo alikuwa akikipokea kwa zamu kutoka kila boma kana kwamba yeye ni askofu anayezuru parokia.

"Bot Kiplimo, rudisha."

"Nirudishe nini? Onyesha watu hiyo kijiti."

"Unataka kunifundisha kazi? Wewe umewahi kufika Westlands?"

"Kwani Westlands ndio imechuma hii majani?"

Watu wakacheka. Kipkurui hakucheka. "Westlands ndio inakunywa, mama. Ile chai iko kwa rafu kule, hata wewe ukiiona utaogopa kuigusa. Hakuna kijiti. Hakuna takataka. Ni dhahabu tupu. Sasa nikiwapelekea hii yako, watasema watu wa Boito ni watu gani?"

Mwenyekiti wetu, Mzee Kipkemoi, alikohoa. Hukohoa hivyo kila anapokusudia kutofanya lolote. "Mama, karani amesoma. Karani ameona. Sisi hatujaona."

"Basi mzee, mimi nitaenda nione."

"Uende wapi?"

"Huko Westlands. Nikipata chai yao haina kijiti, nitanyamaza, na hiyo namba mumpatie shemeji siku hiyo hiyo. Lakini nikipata iko nayo, huyu kijana atanipimia majani yangu, na hatarudisha mtu tena mpaka aonyeshe kijiti kwa mashahidi wawili."

Mzee Kipkemoi alikubali, kwa kuwa ni rahisi kukubali jambo ambalo hutarajii litokee. Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo. Niliandika maneno yao kwenye daftari, nikanyamaza kama kondoo, na aibu ya siku hiyo ningali nayo. Yanayofuata nimeyapata kwa Phelis mwenyewe, na kwa Nelvine, binti wa kaka yake, ambaye kwa muda mrefu alikataa kuyazungumza.

Nelvine alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili huko huko Westlands, akipanga chumba Kangemi. Jumamosi kazi iliisha saa saba. Alimpokea shangazi yake, aliyefika Kangemi jana yake, kwa furaha na kwa ratiba. Angemwonyesha majumba matatu ya maduka, moja baada ya jingine, kwa mpango, kama anayemtembeza mgeni wa serikali.

"Senge," alimwambia, kwa neno letu la shangazi, "leo utaona maendeleo."

"Nionyeshe majani kwanza."

"Majani iko kwa ile jumba ya mwisho. Hii ingine ni ya kutembea tu."

"Watu wanatembea ndani ya duka bila kununua?"

"Ndio starehe yenyewe."

Jumba la kwanza lilikuwa na chemchemi ukumbini. Maji yaliruka juu, yakaanguka kwenye beseni la marumaru, yakaruka tena, na watu waliovaa vizuri walisimama kando wakiyatazama kama walio kwenye ibada. Asubuhi ile ile Phelis alikuwa amepiga foleni Kangemi, nyuma ya mitungi ishirini na saba, kusubiri mfereji uliokohoa kuliko Mzee Kipkemoi. Akageuka huku na huku akitafuta mtu wa kumlaumu.

"Nani ameacha mfereji wazi?"

"Senge, hiyo ni ya urembo."

"Urembo wa nani? Waambie wafunge, watu wa kwenu waoge."

Alikuwa na haki. Nchi inayorusha maji hewani mbele ya wanaokunywa soda, na kuwanyima wanaofua nepi, haihitaji mtaalamu wa kuichunguza. Inahitaji mtu wa kuifungia mfereji.

Jumba la pili lilikuwa na lifti ya kioo, na Nelvine alitaka waipande, lakini Phelis alikuwa ameshanaswa na duka la vitu vya nyumbani. Mlangoni palikuwa na vipande vinane vya kuni vilivyofungwa kwa utepe mwekundu. Kando yake, udongo mweusi uliotiwa kwenye mifuko ya plastiki yenye picha ya ua. Akaubonyeza mfuko, akanusa kidole, akauliza ni shamba la nani lililouzwa kwa vipande namna hiyo. Ndani, ukutani, kulitundikwa kikapu cha kuchumia chai, kimejazwa maua makavu. Phelis alikishusha bila kuomba ruhusa, akakipindua, akavuta ufito mmoja.

"Hii ingepasuka kabla ya saa nne asubuhi," alimwambia mwuzaji.

"Mama, si ya kazi. Ni ya ukuta."

"Basi ukuta umepata hasara."

Nelvine alimvuta mkono. Alikuwa ameanza kutembea hatua tatu mbele yake, mwendo ambao vijana wetu hujifunza wakifika mjini, na maana yake ni kwamba huyu mama anayekuja nyuma simjui vizuri.

Jumba la tatu ndilo lile la Kipkurui. Liliitwa Orkidi Senta, na lilikuwa na ngazi za umeme ambazo karani wetu alizisimulia mara nyingi kuliko alivyosimulia Injili. Phelis alisimama chini yake akazitazama kwa muda, akaona mahali zinapozaliwa na mahali zinapomezwa, kisha akapanda bila kutikisika. Alipofika juu alitoa hukumu yake.

"Ni kama kamati. Mtu amesimama tu, halafu anasema amepanda."

Hapo juu Nelvine alimkaribisha chai kwenye mkahawa wenye viti vya chuma, ili mguu upumzike na hasira ipoe. Mhudumu alileta birika la maji moto, kijagi cha maziwa baridi, na vifuko viwili vya karatasi vilivyofungwa kwa uzi. Phelis alisubiri. Mhudumu naye alisubiri.

"Chai iko wapi?" Phelis aliuliza.

"Hiyo hapo, mama. Unatumbukiza mwenyewe."

"Kwa hivyo mpishi ni mimi? Na maziwa mbona hamkuchemsha?"

"Wageni wanapenda hivyo."

Aliinua kifuko kwa uzi wake, kikaning'inia kama mwizi aliyenaswa. "Na ndani kuna nini?"

"Majani."

"Wewe umeona?"

Kijana yule, na ninamsifu kwa ukweli wake, alikiri kwamba hajawahi kuona. Vililetwa vimefungwa. Akiwa na haja ya majani yenyewe, akamwambia, ateremke kwenye duka kubwa la huko chini, yamejaa rafu nzima.

Mlangoni mwa duka hilo askari alimtaka aache kikapu chake, akampa kibao cha plastiki chenye namba arobaini na moja. Phelis alikigeuza geuza.

"Hii hamtampa shemeji?"

"Mama?"

"Hapana, nimeuliza tu."

Rafu ilikuwepo. Kipkurui hakuwa amedanganya kuhusu rafu. Ilikuwa ndefu, yenye taa zake yenyewe, na masanduku ya dhahabu yalipangwa juu yake kwa heshima ambayo sisi tuliochuma hatujawahi kuonyeshwa. Nelvine alimsomea maandishi. Chai ya nyanda za juu za Kenya, teule, imepakiwa Uingereza. Phelis aliomba arudiwe hilo la mwisho. Kwa hiyo majani yalitoka kwetu, yakashuka mpaka baharini, yakavuka kwenda kubatizwa jina jipya, yakarudi tena Nairobi yakiwa wageni, kwa bei ya wageni.

Lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye picha. Upande wa mbele wa sanduku kulikuwa na mwanamke anayechuma chai. Alikuwa na herini, kucha nyekundu, na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kunyeshewa. Na mkononi alishika, mbele ya dunia nzima, jani la tano, jani la sita, na kijiti kirefu kama penseli.

"Nelvine! Huyu Kipkurui angemrudisha."

"Ni picha tu, senge. Weka twende."

"Kama picha iko hivi, ndani iko aje?"

Sasa nataka haki itendeke kwa mwanamke huyu, kwa sababu watu wengi wamemcheka bila kufikiri. Mbele yake kidogo, upande wa mboga, palikuwa na meza ya bati inayong'aa. Juu ya meza palikuwa na mizani. Nyuma ya mizani palikuwa na msichana mwenye koti jeupe na kalamu sikioni, na mbele yake watu wamepanga foleni, kila mmoja na mzigo wake. Meza, mizani, karani, foleni. Niambie wewe, mtu aliyemwaga majani kila siku kwa miaka thelathini angefikiri amefika wapi? Phelis alipanga foleni kwa adabu nyuma ya mama mwenye karoti. Zamu yake ilipofika, alifungua sanduku, akachana karatasi ya ndani, akaimwaga chai yote mezani.

Nelvine alijificha nyuma ya kabichi.

Msichana wa mizani alishika kichwa. "Mama! Unafanya nini?"

"Ninamwaga. Nitajuaje imeingia nini?"

"Haijawahi mwagwa hapa! Umetoka wapi?"

"Boito."

"Boito ya Konoin?" Sauti ya msichana ilishuka. Kwenye koti lake paliandikwa Nyabate. "Mimi ni wa Nyamira. Mama yangu anamwaga kila siku."

"Na wanamrudisha?"

"Wanamrudisha, ndio."

Nelvine anasema hapo ndipo alipoogopa kweli, kwa maana vidole vya Nyabate vilianza kutembea vyenyewe. Viliingia ndani ya ile chai, vikaitandaza kwa kiganja kama inavyotandazwa kituoni, vikaanza kuchagua. Wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana, kila mmoja kutoka upande wake wa mpaka wa makabila ambao wanasiasa wetu wanaupalilia kila uchaguzi, waliinama juu ya meza moja wakifanya kazi bila kuelekezana.

"Hii kijiti," alisema Nyabate.

"Na hii. Na hii. Hii si kijiti, hii ni ufagio."

Kulikuwa na vumbi la chai, na ndani yake nyuzi nyuzi za rangi ya kahawia, vijiti vilivyosagwa vikafikiri havitatambuliwa. Walikuwa wamekusanya rundo la ukubwa wa yai la kuku alipofika meneja, kijana mwenye tai na funguo nyingi.

"Nani amefungua hii?"

"Ni mimi," Phelis alisema, akasogea mbele kidogo ili amfunike Nyabate.

"Kwa nini unafungua kitu hujalipa?"

"Ningelipaje kitu sijaona?"

"Imeandikwa kwa boksi, mama! Kila kitu imeandikwa!"

"Kikapu changu pia kimeandikwa jina langu. Na kila siku kinamwagwa."

Foleni ilikuwa imegeuka duara. Meneja alitabasamu kwa ajili ya wateja na kukunja uso kwa ajili ya Phelis, vyote kwa wakati mmoja, ufundi ambao bila shaka hufundishwa mahali fulani. "Mama, sikiliza. Hii ndiyo chai bora kabisa katika duka hili. Mabalozi wanakunywa hii. Hakuna ya kuishinda."

"Sema tena."

"Nimesema ndiyo bora kabisa!"

"Andika."

"Niandike nini?"

"Hayo umesema. Kama ni ukweli, kalamu unaiogopea nini?"

Mzee mmoja wa Kihindi mwenye miwani, ambaye alikuwa na sanduku kama lile katika toroli lake, aliinama akatazama rundo la vijiti. Kisha aliweka sanduku lake mezani pole pole. "Tafadhali," akamwambia Nyabate, "fungua na hii." Mama mwenye karoti akasema hata yeye nyumbani ana moja, na sasa anashangaa. Meneja alitazama rafu yake ya dhahabu, akatazama duara, akapiga hesabu ya haraka. Akachomoa kalamu kwenye sikio la Nyabate. Nyuma ya sanduku la Phelis aliandika kwamba hii ni chai ya daraja la kwanza, bora kuliko zote zilizomo dukani. Phelis akauliza mhuri uko wapi. Mtu yeyote aliyeshughulikia namba kwa miaka katika nchi hii anajua kwamba neno bila mhuri ni uvumi. Mhuri ukaletwa.

"Na malipo?" alinong'ona askari.

"Anayerudisha halipi," Phelis alimjibu. "Mimi nimerudishwa mara mbili, hakuna mtu alinilipa."

"Beba hiyo takataka uende," alisema meneja. "Na usirudi."

Walimkusanyia chai na vijiti ndani ya sanduku. Alirudisha kibao namba arobaini na moja, akachukua kikapu chake, akashuka barabarani. Nelvine hakutembea tena hatua tatu mbele. Alitembea kando yake, na walipofika kituo cha basi alimshika mkono.

Jumanne iliyofuata kituo kilijaa. Habari kwamba Bot Kiplimo amerudi zilikuwa zimetangulia, na shemeji yake alikuwa amekwisha kufika, amevaa koti la Jumapili siku ya Jumanne, kama mtu aliyealikwa kupokea tuzo. Phelis alimwaga majani yake. Yalikuwa mazuri. Kipkurui aliyapitisha mkono mara moja, akainua jani ambalo mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka kwake sikuona kosa lake, akatangaza.

"Rudisha. Hii ni ya tatu."

Shemeji alifunga kifungo cha koti.

Phelis alitoa sanduku la dhahabu ndani ya kikapu, akalimwaga kando ya majani yake, juu ya meza ile ile. Halafu akaniita. "Katibu, wewe unajua kusoma. Soma nyuma."

Nilisoma. Nilisoma kwa sauti kuliko nilivyohitaji, pengine kwa sababu ya kimya changu cha kwanza. Nilipofika kwenye mhuri, niliuinua watu wauone, wa mviringo, wa zambarau, wenye tarehe katikati. Mzee Kipkemoi alivua kofia. Naomba tulifikirie hilo. Vidole vya mwanamke huyu vilikuwa vimeleta majani kituoni kwa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kuvivulia kofia. Lakini mhuri wa duka la mboga ulimwacha mwenyekiti kichwa wazi mbele ya umma.

Watu waliinama mezani, wakaanza kuchagua vijiti. Havikuhitaji kutafutwa.

"Hii si ile," alisema Kipkurui. "Ile niliona mimi ilikuwa safi."

"Ilikuwa na huyu mama wa kucha nyekundu?" Phelis aliuliza.

Karani alitazama picha. "Ndio... ilikuwa na huyu."

"Na ndani?"

"Ndani ilikuwa imefungwa."

"Hukumwaga?"

Sauti ya bibi mmoja mzee ilitoka nyuma, na ndani yake mlikuwa na mshangao wa kweli, kama wa mtu aliyesikia kwamba mchungaji hajawahi kubatizwa. "Uui! Miaka miwili anatuhubiria chai hajamwaga?"

Ndivyo alivyokwisha. Angesema amehongwa, angepata watetezi, tunao wengi. Angesema amekosea, tungemsamehe. Lakini karani wa majani kuamini kitu kilichofungwa ni jambo ambalo hata wale waliokuwa wakimpelekea mursik hawakuweza kulimeza. Mzee Kipkemoi alikohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa na kazi. Akaniamuru nifungue daftari mahali palipoandikwa makubaliano, nisome. Mashahidi wawili. Kijiti kionyeshwe. Shemeji alikuwa ameshafika barabarani kabla sijafika mwisho wa sentensi, na koti lake halikuonekana tena kituoni ila Jumapili, likipita.

Sanduku lile lilitundikwa kwenye nguzo ya kituo, picha ikielekea mezani, na lilikaa hapo mpaka mvua kubwa za mwaka uliofuata zilipolifuta. Wanawake waliofika na vikapu vyao walipenda kumwuliza karani, bila hasira, "Kipkurui, na huyu wa kucha mbona hujamrudisha?" Naye aliinama kwenye mizani, akasoma kilo.

Lakini siku ile, Kipkurui alipokwisha kuyarudisha majani ya Phelis ndani ya kikapu kwa mikono miwili ili ayapime, Phelis alimzuia. Aliingiza mkono mpaka chini, akapekua, akatoa jani moja, pana, gumu, la kijani kibichi cha mwezi mzima, akaliweka kwenye kiganja cha karani mbele yetu sote.

"Hii ndio ilikuwa mbaya," alisema. "Ilikuwa chini kabisa. Siku ingine angalia vizuri."